Ufa wa Gogo Usikatwe Katika Mshahara wa Mkerezaji



Lalamiko tunaloliandika hapa si geni kwa yeyote anayesimama mbele ya mashine ya kukereza mbao. Fundi huletewa kipande cha gogo, la mfenesi au la mvule, atoe bakuli. Kipande kina ufa. Fundi husema kina ufa. Tajiri husema endelea tu, mteja anangoja. Fundi huendelea. Bakuli likipasuka mashineni, au likimalizika zima kisha likaachana rafuni baada ya wiki mbili, siku ya malipo bei ya mbao huondolewa katika fedha za fundi. Akiuliza huambiwa: wewe ndiye uliyelivunja.

Sisi twasema ya kwamba jambo hili halina haki, na tena lina hatari ndani yake ambayo wengi hawaijui mpaka siku inapowapata usoni. Tutaeleza yote mawili pamoja, maana yametoka katika mzizi mmoja. Na tunaeleza kwa Kiswahili kwa sababu katika karakana zetu Mganda, Mgisu, Muacholi na Mkongo husimama kwenye benchi moja, na patasi haimuulizi mtu kabila.

Tuanze na ufa wenyewe, kwa kuwa tajiri anayemlaumu mkerezaji kwa ufa ama hajui mti unavyokauka, ama anajua na hataki kusema.

Mti uliokatwa leo umejaa maji. Maji yaliyo huru ndani ya matundu ya mti hutoka kwanza, na hapo mti haubadiliki umbo hata kidogo. Lakini unyevu ukishuka chini ya kiasi cha asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu, maji yaliyoshikamana na nyuzi zenyewe nayo huanza kutoka, na hapo ndipo mti huanza kusinyaa. Nao hausinyai sawasawa. Kwa kufuata mzunguko wa pete zake husinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka moyoni kwenda kwenye gome, na kwa urefu wake karibu hausinyai kabisa. Sasa fikirini gogo la mviringo lenye moyo wake ndani. Mzunguko wataka kupungua, lakini sehemu ya ndani haipungui kiasi hicho. Hakuna njia ila gogo liachane mahali fulani, nalo huachana, kutoka gome kuelekea moyo, kama tikiti lililotiwa kisu. Tena ncha za gogo hukauka mbele ya sehemu nyingine zote, kwa sababu maji hupita upesi zaidi kufuata urefu wa nyuzi. Ndiyo maana nyufa huonekana kwanza kwenye ncha.

Haya yote hutokea katika siku na wiki baada ya shoka au msumeno kupita. Mkerezaji hayupo. Yuko karakanani kwake na hajui hata kama mti huo umekatwa.

Kinga ya ufa nayo inajulikana na haina gharama kubwa. Gogo lipasuliwe katikati ya moyo siku ileile linapokatwa, na moyo wenyewe uondolewe. Ncha zipakwe rangi ya mafuta au nta ili zisitangulie kukauka. Magogo yapangwe kivulini, juu ya vijiti, hewa ipite chini na juu, yasitupwe juani kando ya barabara. Wazee wa kazi hii katika nchi za baridi walihesabu mwaka mmoja wa kukausha kwa kila inchi moja ya unene. Kwa joto letu muda huo hupungua, lakini bado ni hesabu ya miezi, wala si ya siku. Mwenye kufanya mambo haya ni mkataji, mfanyabiashara wa mbao, na mnunuzi ambaye ndiye tajiri wetu. Hakuna hata moja lililo mikononi mwa yule anayelaumiwa mwishoni.

Mnajua pia mbao zetu zinavyofika. Soko kubwa ni Ndeeba. Mbao ngumu nyingi zinazouzwa hapo zimevuka mpaka kutoka mashariki ya Kongo, zikapakiwa na kupakuliwa, zikakaa juani na mvuani, kisha zikauzwa kwa haraka kwa sababu mwenye mali anadaiwa nauli ya lori. Mifenesi na miembe hukatwa viungani mwa Kampala kupisha nyumba mpya, na gogo hununuliwa likiwa bado linatoa utomvu. Hatumlaumu anayenunua mti mbichi. Mti mbichi hukerezwa vizuri sana, laini kama muhogo, na patasi hushukuru. Tunachokataa ni kununua mbichi kwa bei ya chini, kukataa kungoja, na kisha kumlipisha fundi tofauti ya bei.

Kuna njia ya kukereza mti mbichi bila kuupoteza, na kila mkerezaji aliyefundishwa vyema anaijua. Bakuli huchongwa mara mbili. Mara ya kwanza huachwa nene, kwa kadiri ya sehemu moja ya kumi ya upana wake: bakuli la sentimita 30 huachiwa ukuta wa sentimita 3. Kisha huwekwa ndani ya maranda yake, au hufungwa kwa karatasi, likauke polepole kwa miezi kadhaa. Litapinda na kuwa kama yai, na hilo si neno, kwa sababu lina unene wa kutosha kurudishwa mashineni na kufanywa mviringo tena. Njia hii yahitaji rafu, subira, na fedha zilizolala bure kwa miezi hiyo. Fundi wa malipo ya kipande hana hata moja kati ya hizo. Kwa hiyo, tajiri asemapo kwamba hawezi kungoja, ameamua kubahatisha. Mwenye kubahatisha na akubali hasara yake.

Hapa tuweke wazi jambo moja, tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi mbao zenye ufa zitupwe. Kusema hivyo katika nchi ambamo mvule umekuwa adimu kungekuwa upumbavu. Na wala si desturi yetu. Katika Afrika ya Mashariki yote kibuyu kilichopasuka hakikutupwa, kilitobolewa kandokando ya ufa kikashonwa kwa uzi, kikarudi kubeba maziwa. Ankole wanachonga vyombo vya maziwa kwa mti, na mwenye nyumba hukitunza chombo hicho miaka na miaka. Pwani, makerezo yalitoa miguu ya vitanda vya samadari, na fundi alijua kuziba fundo na mwanya. Hata hapa Kampala kerezo si mgeni wa juzi: Alexander Mackay, yule mmisionari fundi wa Kiskoti aliyefika Buganda mwaka 1878, alikuwa na karakana Natete yenye tanuru la mhunzi na mashine ya kukereza. Kutoka hapo mpaka Ndeeba ni mwendo mfupi wa miguu.

Siku hizi ufa umepata hata thamani mpya. Wateja wa Ulaya na Marekani wanapenda bakuli ambalo ufa wake haukufichwa, umejazwa gundi yenye rangi au umeshikwa kwa vipande vidogo vya mbao vyenye umbo la kipepeo. Maduka ya watalii yanajua. Tumeliona bakuli la namna hiyo likiwekwa mbele kabisa dirishani, na bei yake ikiwa juu kuliko ya lile zima lililo kando yake. Basi ufa ule ule, ukiwa dukani ni pambo na mwenye duka hulipwa kwa ajili yake, na ukiwa karakanani ni kosa na fundi hulipishwa kwa ajili yake. Anayeweza kutueleza hesabu hii atuandikie.

Sasa tuje kwenye hatari.

Mota nyingi zinazofungwa kwenye mashine zetu, na hasa zile zilizoungwa na mafundi wa kuchomelea wa Katwe, huzunguka kama mara 1,450 kwa dakika. Puli ya mota ikiwa sawa na puli ya mashine, bakuli nalo huzunguka mara 1,450. Chukueni bakuli la upana wa sentimita 30 mpige hesabu: ukingo wake hukimbia mita 22 na zaidi kwa kila nukta, yaani kilomita 82 kwa saa. Hiyo ni spidi ya gari katika barabara ya Entebbe asubuhi na mapema, kabla ya msongamano. Nusu ya bakuli ikiachana kwa spidi hiyo haianguki chini ya mashine. Huruka, na mara nyingi huruka palipo na kichwa cha mtu, kwa sababu fundi husimama akiwa ameinama kuangalia patasi yake.

Bakuli hilo hilo likizungushwa mara 600 kwa dakika, ukingo hukimbia kilomita 34 kwa saa. Mtasema ni chini ya nusu tu. Lakini nguvu ya pigo haipungui kwa nusu, hupungua karibu mara sita, kwa kuwa nguvu hiyo hufuata spidi iliyozidishwa kwa spidi. Na nguvu inayouvuta ufa ufunguke hufuata kanuni hiyo hiyo. Mbao yenye ufa inayotulia kwa mizunguko 600 yaweza kufunguka kama mlango kwa mizunguko 1,450.

Wakerezaji wa nchi nyingine wana kanuni nyepesi ya kukumbuka: upana wa bakuli kwa inchi, ukizidishwa kwa mizunguko ya dakika moja, uwe kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli la inchi 12 lapata mizunguko 500 hadi 750. Kanuni hiyo ni ya mbao nzima. Yenye ufa ikae chini ya hapo. Na ili kupunguza mizunguko kutoka 1,450 hadi 600 hakuhitajiki mashine mpya kutoka ng'ambo. Kwahitajika puli ndogo kwenye mota na puli kubwa kwenye mashine, milimita 60 kwa milimita 145, na mkanda wa kufaa. Katwe kuna mtu atakayeitengeneza kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo tajiri anapotuambia kwamba usalama ni ghali, sisi twamuuliza kama amewahi kuuliza bei ya puli.

Tuseme pia nyufa zote si sawa, na hapa ndipo ujuzi wa mkerezaji unapostahili kusikilizwa na kulipwa. Nyufa nyembamba kama nywele zilizo kwenye ncha huondoka ncha ikikatwa vidole viwili vitatu nyuma. Ufa unaotoka ukingoni kuelekea moyo, ukiwa mfupi na umesimama mahali pamoja, wakerezeka kwa uangalifu: umwagiwe gundi nyepesi iingie mpaka ndani, ikauke kabisa, bakuli lifungwe kwa utepe wa nguvu kwa nje wakati ndani panachongwa, patasi iwe na makali mapya, na kila baada ya muda mashine isimamishwe ufa utazamwe kama umetembea. Lakini ufa unaofuata pete za mti, unaozunguka kama maganda ya kitunguu, huo usipandishwe mashineni kamwe. Pete zilizoachana hazina kinachozishika. Vilevile ufa unaopita pale penye misumari ya skrubu inayoshika bakuli kwenye sahani ya chuma: hapo gundi haiwezi kusaidia, kwa kuwa bakuli zima litang'oka pamoja.

Wakongwe wetu hugonga kipande kwa kifundo cha kidole au kwa mpini wa nyundo kabla ya kukipandisha. Kizima hulia. Chenye ufa uliojificha hujibu kwa sauti ya chungu kilichovunjika. Kugonga huchukua nukta tano, nasi tumeona watu wakikemewa kwa ajili ya nukta hizo tano.

Onyo kuhusu kujaza ufa. Wengine huchanganya gundi na unga wa mbao, au na kahawa iliyosagwa, ufa ukaonekana mweusi mzuri. Ni pambo tu. Kahawa haishiki mti. Bakuli lililojazwa hivyo lihesabiwe bado lina ufa mpaka liondoke mashineni.

Kuna na jiwe la mvule. Wenye kuzoea mvule wanalijua: ndani ya mti, hasa palipokuwa na kidonda cha zamani, chokaa hujikusanya ikawa ngumu kama jiwe. Haionekani kwa nje. Patasi ikiligonga jiwe hilo bakuli likizunguka, makali hukatika, na pengine bakuli hupasuka hapo hapo. Tunalitaja kwa kuwa mwanachama mmoja alilipishwa patasi pamoja na bakuli. Je, tulitakiwa tuwe na macho ya kuona ndani ya mti?

Umeme nao. Umeme ukikatika fundi huacha mashine, huenda kunywa chai. Ukirudi, mashine isiyozimwa swichi huanza yenyewe, na bakuli lenye ufa lililokuwa limeegemea patasi huondoka nayo. Swichi inayojifungua yenyewe umeme unapokatika yapatikana madukani. Mpaka ifungwe, kila mtu azime kwa mkono wake kabla ya kuondoka.

Miwani ya kawaida haitoshi kwa kazi hii. Miwani huzuia maranda, haizuii nusu ya bakuli. Kinachotakiwa ni ngao ya uso mzima. Na wakati wa kuwasha, fundi asimame pembeni, asikae kwenye mstari ambao bakuli litafuata likiruka. Vumbi halina haraka kama ufa, lakini nalo lina deni lake: vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa hakika mwaka 1995. Tutaandika habari zake siku nyingine.

Sheria inasemaje? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtwika mwajiri wajibu wa kulinda afya na usalama wa mfanyakazi wake, na vifaa vya kujikinga ni juu ya mwajiri. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo haikumwachia tajiri akate mshahara apendavyo. Imeyataja makato yanayoruhusiwa. Basi tajiri anayekata bei ya gogo na aonyeshe kifungu anachokitumia, mbele ya mwakilishi wa chama na kwa maandishi. Na Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1981, unasema kwamba mfanyakazi aliyejiondoa kazini kwa kuwa ana sababu ya kweli ya kuamini kuna hatari kubwa iliyo karibu kwa maisha au afya yake, alindwe asipate madhara kwa kitendo hicho. Mwaka 2022 mkutano wa Shirika hilo mjini Geneva uliingiza usalama na afya kazini katika haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama yapaswa kuziheshimu. Uganda ni mwanachama. Kwa lugha ya karakana: mkerezaji anayesema "hiki sikipandishi" hafanyi uvivu, wala hagomi. Anatumia haki.

Tunajua jibu tutakalopewa, nalo si la kudharau. Wenye karakana wengi wa Kampala si matajiri wa kweli. Wengi walikuwa mafundi jana, wamekodi banda, wanalipa umeme, na duka linalonunua mabakuli yao huchelewesha fedha. Watasema: hasara hii mkitubebesha sisi tutafunga. Twawajibu hivi. Kila seremala anayetengeneza meza huhesabu vipande vitakavyopotea, akaviweka ndani ya bei ya meza. Hakuna seremala anayemkata kibarua wake kwa maranda yaliyo sakafuni. Kwa nini mwenye kerezo asifanye hivyo? Kama magogo kumi hutoa mabakuli manane, bei ya manane na ibebe magogo kumi. Duka likikataa bei hiyo, basi ugomvi wetu sisi na mwenye karakana ni mmoja, na uko dukani. Afadhali tusimame pamoja mlangoni pa duka kuliko yeye kugeuka nyuma na kumkamua aliye chini yake.

Na wale wasio na tajiri, walionunua mashine zao wenyewe na kuuza moja kwa moja? Hali yao tunaijua. Wanarudishiwa mabakuli yaliyopasuka dukani kwa kiyoyozi na taa kali, wakaambiwa warudishe fedha. Wengine hufikiri chama si mahali pao kwa kuwa hawaajiriwi na mtu. Si kweli. Chama cha wafanyakazi wa uchukuzi, ATGWU, kilifungua mlango kwa waendesha bodaboda, ambao nao waliambiwa miaka mingi kwamba hawana mwajiri na kwa hiyo hawana chama. Wakerezaji wanaojitegemea wakiungana wanaweza kununua magogo pamoja kwa lori, kuyapasua na kuyapaka nta siku ileile, kukodi banda moja la kukaushia, na kukopeshana fedha za miezi ile ya kungoja kwa njia ya ushirika wa akiba na mikopo. Mmoja hawezi kungoja miezi sita. Ishirini wakipokezana wanaweza.

Tunayoyataka, basi, kwa karakana zenye waajiriwa, ni haya. Mkerezaji akikague kipande kabla ya kukipokea, na neno lake liwe la mwisho kuhusu kupandisha au kutopandisha. Kilichokataliwa kiwekwe kando bila kumpunguzia malipo. Kilicho na ufa na kikakubaliwa kilipwe kwa saa, si kwa kipande, kwa sababu gundi ina muda wake wa kukauka na mashine lazima iende polepole. Ukimlipa mtu kwa kipande na kumwambia aende polepole umemwambia ashinde njaa. Puli na ngao za uso zinunuliwe na mwenye karakana. Bakuli likipasuka, iwe mashineni au rafuni, hasara ni ya yule aliyenunua gogo.

Kabla ya kukaa na wenye karakana tutahitaji ushahidi, kwa maana maneno matupu hayatatufikisha popote. Kila karakana iwe na daftari moja. Kila kipande kinachoingia kiandikwe: tarehe, aina ya mti, kibichi au kikavu, ufa uko wapi na una urefu gani, nani aliagiza kiendelee, na mwisho wake ulikuwaje. Asiyejua kuandika aandikiwe na mwenzake na atie kidole. Daftari dogo la shule latosha, litundikwe ukutani mbali na gundi, na kalamu ifungwe kwa uzi, maana kalamu karakanani hupotea upesi kuliko hata patasi.